Mchanga wa Katwe kwenye Nguzo za Shule

Baluku mwanangu,

Najua utaikuta barua hii ukiwa umekaa, kwa sababu nimeichomeka ndani ya kile kitabu chako cha vifaa vya ujenzi, na wewe huwezi kufika Kamwenge ndani ya treni bila kufungua kitabu. Kama kuna mtu amekaa karibu nawe, mwache kwanza ashuke au asinzie.

Sasa hivi uko Kyondo kumuaga babu yako. Mimi niko jikoni, jua bado halijazama nyuma ya milima, na ninaandika haraka nimalize kabla hujateremka. Habari za kufua mashati na kula vizuri sitaziandika. Umeshakuwa mtu mzima, na shangazi yako wa Kampala ana mdomo wa kutosha kwa mambo hayo. Kiswahili changu utakivumilia. Ndicho masista walichonifundishia kuandika ile miaka miwili ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Lhukonzo chetu nakisema tu, kukiandika kunanishinda.

Unakumbuka siku ilipofika ile karatasi ya masomo? Ulisimama hapa hapa mlangoni, mimi namenya muhogo, ukawa unasoma kwa Kiingereza halafu unanigeuzia ili nami nisikie. Kupima ardhi. Makadirio ya jengo. Nguvu ya vifaa. Sheria ya mikataba. Kusimamia kazi na wafanyakazi. Kila somo unapandisha sauti kama katekista.

Nikakuuliza, "Hata kusimamia watu kunasomewa?"

"Kunasomewa, mama. Miaka mizima."

"Mimi nilisimamia wanawake kumi na wawili pale shuleni bila kukaa darasani hata siku moja."

"Ndiyo maana walikuwa wanakukimbia," ukasema, tukacheka wote wawili.

Halafu ukachukua hicho kitabu ulichopewa na mwalimu wako, unionyeshe kwamba hata kazi yangu ya kubeba mchanga imeandikwa humo. Ukanisomea. Mchanga wenye chumvi usiwekwe kwenye zege lenye vyuma. Chumvi inakula chuma kule ndani polepole, chuma kinavimba, zege linapasuka. Miaka inapita, mtu wa nje haoni kitu. Ukafunga kitabu, ukauliza muhogo utaiva saa ngapi.

Uliona nimejikata kidole. Nikakuambia kisu ni kikali. Kisu hakikuwa kikali, baba. Tangu siku ile sijalala vizuri, na leo nitakuambia kwa nini.

Tangi la maji la shule, lile lililokaa juu ya nguzo nne, lilijengwa ukiwa darasa la pili. Ulikuwa unapita pale ukitoka shule, unaniletea matope kwenye magoti. Baba yako alikuwa ameshakufa. Kontrakta alinichukua kubeba mchanga, na alipoona najua kuandika akanifanya nyapara wa wanawake. Jina lake sitaliandika, unalijua. Nilikuwa na daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni. Usicheke. Nilikuwa natembea nayo mpaka kanisani.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Mto wetu Lhubiriha ukafura, ukameza sehemu yote tuliyokuwa tukichota mchanga. Kazi ikasimama, na mgeni mkubwa alikuwa anatazamiwa kuja kufungua hilo tangi. Basi kontrakta akamwambia dereva Ramadhani, yule Mwislamu mwenye lori la bluu aliyekuwa akipeleka ndizi Katwe na kurudi na chumvi, kwamba akirudi apakie mchanga wa kando ya lile ziwa la chumvi. Ni bure, nani atamuuliza.

Mimi nimezaliwa Katwe. Mama yangu alikata chumvi pale mpaka miguu yake ikapasuka kama udongo wa kiangazi, na mimi nilisimama naye ndani ya yale maji. Lori lilipofika, kabla halijazimwa, nilishaijua harufu.

Na fundi mkuu alijua pia. Huyo alikuwa Papa Paluku, mtu wa Butembo, aliyekimbia vita ya kwao akiwa na timazi yake mfukoni na rozari shingoni, basi. Alichota mchanga kwa vidole viwili, akaonja, akatema.

"Mama Baluku, hii mchanga iko na chumvi mingi. Mutaiosha. Mara tatu, na maji ya muto, mpaka ulimi ikose kusikia chumvi. Bila vile, mimi sitatia hata karai moja."

Mama Kule, jirani yetu, alikuwa na karai lake kichwani. Akasema, "Papa, siku hizi mchanga nao unaoga? Mume wangu hajaoga tangu Jumapili na hakuna mtu anamsemea."

Wanawake wakaangua kicheko. Papa Paluku naye akacheka, akamjibu, "Bwana yako hakuna kubeba tangi kwa kichwa."

Tukaosha. Siku ya kwanza tuliosha vizuri. Siku ya pili tuliosha. Lakini maji yalitoka chini mtoni na shule iko juu, unaujua mlima ule, na kila rundo dogo lilitaka madebe yasiyohesabika. Kulikuwa na mwanamke mwenye mimba kati yetu. Kontrakta akaja, akasimama na mwavuli wake, akasema, "Nyinyi mnajenga ama mnabatiza?"

Siku ya tatu Mama Kule akatua debe lake. Akaniambia, "Mama Baluku, wewe si mtu wa Katwe? Chumvi inatunza samaki miezi na miezi, analiwa Kampala bado mzuri. Nguzo itaishindaje?"

Mwanangu, maneno yale yaliniingia kama maji kwenye udongo mkavu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaona. Pale ziwani kuna miti iliyosimikwa kwenye matope ya chumvi tangu bibi yangu akiwa msichana. Mchwa haigusi. Haiozi. Ngozi ya ng'ombe, chumvi. Nyama, chumvi. Kwetu kitu ukitaka kidumu unakipa chumvi. Sikufikiri kwamba mti ni mti na chuma ni chuma. Nani angeniambia?

Lakini alikuwapo aliyeniambia, na alikuwa amesimama juu ya ngazi. Ndilo jambo ninalotaka ulisome mara mbili.

Tuliacha kuosha. Tukawa tunamwaga debe moja tu juu ya rundo, mchanga uonekane umelowa. Papa Paluku akaita kutoka kule juu:

"Mama Baluku, imeoshwa?"

"Imeoshwa."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, Papa."

Hakushuka. Angeshuka na kuonja angejua, lakini alikuwa ananiamini. Tulikuwa tunapiga magoti benchi moja kanisani. Nguzo zote nne zilisimama hivyo, kwa neno langu. Na kwenye daftari nikaandika kwamba tumeosha, kwa mwandiko niliojitahidi sana.

Kuamini chumvi lilikuwa kosa la mtu asiyejua, na hilo ningeweza kulibeba. Lakini niliulizwa jambo ninalolijua, nikajibu uongo, kwa sababu migongo ilikuwa inauma na sikutaka wenzangu waniite mkali. Kwenye lile somo lako la kusimamia watu, sijui watakufundisha nini. Labda watakufundisha jinsi ya kumfanya mtu afanye kazi. Muulize mwalimu wako jinsi ya kumfanya mtu aliyechoka akuambie ukweli. Kama hajui, basi wewe shuka kwenye ngazi kila mara. Papa Paluku alikuwa fundi kuliko mafundi wote niliowaona, na kitu kimoja tu kilimshinda, kushuka.

Asubuhi iliyofuata baada ya wewe kunisomea, nilikwenda shuleni kama mtu anayepita tu. Nikaziangalia nguzo. Zina mistari ya rangi ya kutu, imenyooka kutoka juu hadi chini, pale pale vyuma vinapopita. Kwenye nguzo ya upande wa jikoni kipande kimebanduka, kikubwa kama nusu ya mkate. Nikaingiza kidole. Chuma kimekuwa magamba kama ya samaki, linatoka gamba juu ya gamba. Na watoto wamepanga foleni chini yake na madebe yao, wanasukumana, wanaimba.

Mdogo wako Masika alikuwa wa nne kwenye foleni.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata kwa padri bado sijalisema. Nilimtoa mdogo wako shuleni siku tatu, nikasema ana homa. Wewe uliniuliza, nikakudanganya na wewe. Siku ya tatu Mama Kule akapita uani, akasema, "Huyu mgonjwa wako anaruka kamba kuliko wazima." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimemtoa wa kwangu na kuwaacha wa wenzangu pale chini, na mmoja wao ni wa Mama Kule huyo huyo. Nikamwambia yote. Yeye aliyekuwa na utani wa kila kitu, alikaa chini pale penye majivu na nguo yake ya kanisani.

Nikaenda kwa hedimasta. Nikamwambia kuhusu mchanga, nikamwambia mimi ndiye nyapara niliyesema umeoshwa. Aliinuka akafunga dirisha.

"Mama," akasema, "tangi likianguka lenyewe, hakuna atakayefungwa. Wewe ukisema litaanguka, wewe ndiye uliyeliangusha. Nina watoto sita. Sikukusikia."

Wiki haikuisha, kipande kile kikapigwa lipu na nguzo zote zikapakwa chokaa. Sasa zinang'aa. Watoto wanafurahi.

Jumapili iliyopita, ulipokuwa umekwenda Katunguru kununua samaki, kontrakta alikuja hapa nyumbani. Siku hizi anajengea wanajeshi, unajua. Alikuja na gari lao na askari mmoja mwenye miwani. Kitabu chako kilikuwa kwenye kigoda. Nikaweka ungo wa maharage juu yake.

"Mama Baluku, hujambo," akasema, mtamu. "Nasikia siku hizi unapenda kutazama tangi."

"Natafuta kivuli, bwana. Jua ni kali."

Askari akasema, "Wewe mama! Unajua kusoma?"

"Kidogo, afande."

"Kidogo kiasi gani?"

"Jina langu na sala, afande."

Kontrakta alijua ninaandika, akaacha ipite. Askari akatazama nyumba nzima, polepole, kama mtu anayepima. Kontrakta akakaa, akaomba chai, akanywa yote. Akasema eti kama kuna kasoro mahali, basi ni yule Mkongo, Paluku, na Paluku alisharudi kwao, hakuna haja ya kusumbua watu. Alikuwa ananipa njia. Akaningojea niipite. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu yule askari alikuwa ameanza kuchokoa maharage kwenye ungo kwa kidole, moja moja.

Mlangoni kontrakta akageuka. "Kijana anaenda kusomea ujenzi, hongera. Akija likizo ya Krismasi nitampa kazi ya kusimamia. Tunajenga bohari ya jeshi kule Kasese. Tutamtunza."

Askari akasema, "Tunajua treni yake ni ya Jumamosi."

Mimi sikuwaambia treni yako ni ya siku gani.

Unamkumbuka dereva Ramadhani. Mwaka jana alikuwa anasema ovyo sokoni Mpondwe, akishiba, kwamba yeye anajua tangi la shule lina nini tumboni. Akaitwa kwa maswali madogo. Mkewe alimpelekea chakula siku tatu, siku ya nne akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Sisemi ni kwa sababu ya tangi. Alikuwa na maneno mengi juu ya watu wengi. Lakini lile lori la bluu tunaliona bado, linapita kuelekea Kasese, anaendesha mtu mwingine, na wiki mbili zilizopita nilisimama barabarani likapita limejaa mchanga. Ulikuwa mweupe wa rangi ya majivu, unadondosha maji. Nilikijua kile nilichokuwa nakiona. Ndiyo bohari unayongojewa kuisimamia.

Kwa hiyo elewa kwa nini sikukuambia uso kwa uso. Ungekaa. Ungechukua hicho kitabu ukaenda nacho kwa hedimasta, kwa parokia, kwa kila mtu, kwa sababu una umri wa kuamini kwamba jambo likiwa limeandikwa, watu watalikubali. Kesho nitakusindikiza hadi Kasese, nitakuona umepanda, nitacheka na nitakupungia mkono kama mama yeyote. Usidhani kicheko kilikuwa cha uongo. Nilifurahi kweli.

Keshokutwa ni Jumapili. Watoto wote na walimu watakuwa kanisani. Mama Kule atapanda kwenye chemchemi kule mlimani na jembe lake, akate lile bomba linaloleta maji. Amekataa niende mwenyewe. Amesema, "Maneno ya samaki yalikuwa yangu, na bomba ni langu." Mimi nitabaki chini kufungua koki ya tangi, na nikishafungua nitaivunja kwa jiwe ili isifungike tena. Tangi tupu halina foleni. Watoto watarudi kuteka mtoni, watanichukia kwa kupanda ule mlima na madebe, na watakuwa hai. Na likianguka, litaangukia nyasi.

Halafu watu wakitoka misa nitasimama pale penye maji yanayomwagika, niseme mbele yao wote mimi ni nani na nilifanya nini na ule mchanga. Nitalitaja jina la Papa Paluku, kwamba alituambia tuoshe. Nimefikiri sana juu ya hilo. Jambo wakilijua watu wawili, wawili wanaweza kuitwa kwa maswali madogo. Parokia nzima ikilijua, wataita nani? Labda wataita mmoja tu, wa mfano. Mimi sijui. Masika nimeshamuandalia njia, Jumapili alfajiri anavuka mpaka na mjomba wako kwenda Beni, anadhani ni harusi.

Usinihurumie kabla ya wakati. Mimi mtu mwoga, unanijua, naogopa hata radi. Lakini kila usiku nikifumba macho nasikia madebe yale yakigongana.

Wewe soma. Lile somo la vifaa lisome kuliko yote, na lile la mikataba pia, kwa sababu naona wenzetu wanakufa kwa karatasi kama wanavyokufa kwa mawe. Siku utakayosimama mahali na kofia ngumu kichwani, atakuwapo mwanamke na karai lake chini yako. Mjue jina. Muulize mgongo wake unaumaje kabla hujamuuliza mchanga. Akikujibu haraka sana, shuka.

Hii barua ichane vipande vidogo, uvitupe dirishani treni ikiwa inakwenda, si kwenye stesheni. Kitabu kibaki.

Na Krismasi usije. Usije hata kama chuo kimefungwa, hata kama wenzako wote wanakwenda makwao. Kaa kwa shangazi yako. Mimi nitakuandikia nikiweza, na mwandiko wangu unaujua, hauna mstari, kila herufi inakwenda upande wake kama kuku. Ukiuona huo, njoo mbio. Lakini ikija barua yenye mwandiko mzuri, inayosema mama yako mgonjwa, anakuita, panda treni upesi, usipande.

Nasikia mbwa wa Mama Kule wanabweka njiani, bila shaka ni wewe unateremka. Nafunga.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Baluku